Pevingi zikititia, usikimbilie kulaumu tofali

Wateja wengi huniuliza tofali gani ya pevingi, yaani zile za zege za kutandaza uani, ni ngumu zaidi. Mimi huuliza chini kumewekwa nini. Pevingi ya unene wa milimita 60 inatosha njia ya miguu na gari dogo la nyumbani. 80 nunua kama boza la maji litaingia uani.

Ukiona bonde, ng'oa tofali moja hapo hapo na upime mchanga. Ukikuta sentimita nane au kumi, jibu umelipata: moramu (udongo wa changarawe unaoshindiliwa chini) ilikuwa na mashimo, fundi akayafukia kwa mchanga badala ya kuongeza moramu na kushindilia upya. Mchanga wa kulazia unatakiwa kama sentimita tatu, unene mmoja uwanja mzima. Kazi yake ni kuikalisha tofali tu, hausawazishi ardhi. Palipozidi ndipo tairi litakapozama.

Mimi hulaza mabomba mawili ya unene huo juu ya moramu iliyoshindiliwa, namwaga mchanga katikati, kisha navuta ubao ulionyooka juu yake. Nikitoa mabomba nafukia mifereji yake taratibu, na hapo hakuna ruhusa ya kukanyaga, hata mwenye nyumba. Mteremko huwa umeshapatikana kwenye moramu: sentimita mbili kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Bila hivyo, masika yakifika maji yanalala kwenye msingi.

Pembeni ndipo watu wanapopenda kubana bajeti. Safu ya mwisho isiposhikwa na zege, itasogea kidogo kidogo, viungo vitaachia, mchanga utatoka na uwanja mzima utafuata. Afadhali upunguze eneo kuliko kuacha kingo wazi.

Tofali za sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa mita moja ya mraba. Ongeza chache za kukata. Gari linapokata kona, zipange kila moja igote ubavu wa mwenzake, maana mistari mirefu iliyonyooka husukumwa na tairi.

Kwenye viungo fagilia mchanga laini, mkavu, uliochekechwa, pitisha kompakta (mashine ya kushindilia), fagilia tena. Saruji usichanganye: itapasuka, na siku ya kutengeneza bomba tofali hazitang'oka salama. Mchanga kidogo ubaki kwenye ndoo, kwa kuwa mvua za mwanzo zitaushusha ule wa kwenye viungo na utahitaji kujazia.