Gitaa Linapoitikia: Namna ya Kuwasikiliza Wakongwe wa Bluzi

Tafuta video yoyote ya B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, akiwa jukwaani, umwangalie mdomo na mkono. Anapoimba, vidole vimetulia. Akimaliza mshororo anafumba macho, anafunga mdomo, na hapo gitaa linaanza kulia. Mwenyewe alikiri mara nyingi kwamba hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Wapo watakaouona huo upungufu. Mimi nauona kuwa mlango wa kuingilia muziki mzima wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, kwa sababu humo gitaa ni mwimbaji wa pili, nalo hungoja zamu yake.

Kila mwaka wanafunzi wangu wa gitaa huniuliza mbona nyimbo hizi zinafanana. Zinafanana kweli. Ubeti wa kawaida wa bluzi una mishororo mitatu. Mshairi wetu angeuita tathlitha. Wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia karibu neno kwa neno, wa tatu unalijibu. Kila mshororo umepewa vipimo vinne vya mapigo manne manne, jumla vipimo 12. Sasa hesabu kwa kidole mezani: maneno yanakula kama vipimo viwili, viwili vingine vinabaki wazi. Gitaa linaishi katika uwazi huo. Msikilizaji wa taarabu anaijua ladha hii, pale fidla inapoidaka sauti ya mwimbaji na kuimalizia. Kwa hiyo ukiona maneno ya bluzi ni machache na yanajirudia, peleka sikio kwenye ule uwazi. Mpigaji ameweka huko nusu ya habari yake.

Wala usidhani hesabu hiyo ni amri. John Lee Hooker, aliyerekodi "Boogie Chillen'" mjini Detroit mwaka 1948, aliukokota mshororo au kuukata alivyotaka, akitia mdundo kwa kupiga mguu sakafuni. Bendi iliyompigia ililazimika kumfuata yeye, si kuhesabu.

King alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Mississippi, kwenye eneo liitwalo Delta. Jina hilo huwapotosha wengi. Si mlango wa mto baharini, ni uwanda wa pamba kaskazini magharibi mwa jimbo, kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, ambako watu weusi walilima mashamba ya wenye mali na kugawana nao mavuno kwa hesabu iliyowaumiza. Kijana huyu alipohamia Memphis alijifunza kwa binamu yake, Bukka White, aliyeteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi. King alijaribu mtindo ule ukamshinda. Basi akatafuta njia ya pembeni: alikandamiza uzi kwa kidole kitupu na kukitikisa haraka haraka, sauti ikatetemeka kama ya mtu anayezuia kilio. Mtetemo ule, uliotokana na kushindwa kwake, ndio uliomtambulisha duniani kote. Noti moja inatosha kumjua.

Kwa nini kutelezesha chuma au shingo ya chupa? Shika gitaa uone. Shingo yake imepandwa vyuma vyembamba, na kila chuma kinaipangia sauti mahali pa kukaa. Sauti ya binadamu haikai hivyo. Hupanda kwa kuteleza, huyumba, hushuka pamoja na pumzi. Chupa huvivuka vile vyuma, na uzi unapata njia ya kusema kama koo. Blind Willie Johnson, kipofu wa Texas aliyeimba nyimbo za dini, alifika mbali zaidi. Mara nyingi aliliacha neno la mwisho lisemwe na gitaa. Katika "Dark Was the Night, Cold Was the Ground" ya mwaka 1927 hamna neno hata moja, ni mguno wake na nyuzi zikifuatana. Rekodi hiyo iliwekwa kwenye sahani ya dhahabu iliyorushwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977.

Sauti ya chupa ndiyo aliyokulia McKinley Morganfield, dereva wa trekta katika shamba la Stovall karibu na Clarksdale, ambaye dunia ilikuja kumwita Muddy Waters. Alijifunza kwa kumkodolea macho Son House, mhubiri wa zamani aliyeimba kama bado yuko mimbarini. Agosti 1941 watafiti Alan Lomax na John Work walifika na mashine ya kurekodi kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Baadaye Muddy alitumiwa nakala mbili za santuri na hundi ya dola 20. Kuisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye santuri kulimpa imani kwamba anaweza, na mwaka 1943 akapanda treni kwenda Chicago.

Kule vilabu vilijaa wafanyakazi wa viwandani, glasi zikigongana, watu wakipaza sauti. Gitaa kavu halikusikika hata meza ya pili. Muddy akashika gitaa la umeme, akazungukwa na Little Walter kwenye hamonika, Jimmy Rogers kwenye gitaa la pili na Otis Spann kwenye piano. Majibizano yakawa ya watu wanne. Wimbo wake "Rollin' Stone" wa mwaka 1950 uliwapa jina vijana wa Kiingereza, Rolling Stones, ambao leo wanajulikana kuliko yeye.

Lakini hadithi ya umeme ikianza na Muddy, mwanamke mmoja atakuwa amedhulumiwa. Lizzie Douglas, yaani Memphis Minnie, aliyezaliwa mwaka 1897, alikuwa tayari anatamba na gitaa la umeme Chicago kabla Muddy hajapanda treni. Mshairi Langston Hughes alimwona katika mkesha wa Mwaka Mpya wa 1942, amekaa juu ya jokofu la klabu, na akaandika gazetini kwamba sauti yake ilikuwa kama mashine za kuchomelea vyuma pamoja na kiwanda cha kukandamiza chuma kuwa mabamba. Minnie alirekodi nyimbo zipatazo 200, akitunga, akiimba na kupiga solo mwenyewe, miaka ambayo mwanamke wa bluzi alitazamiwa kusimama mbele na kuimba tu. Kiharusi kilimnyamazisha, akafariki mwaka 1973. Jiwe la kaburi lake liliwekwa mwaka 1996, na aliyelilipia ni mpiga gitaa Bonnie Raitt. Ninapowafundisha wasichana, huanza na Minnie.

Si wote waliopaza sauti. Mississippi John Hurt alirekodi mwaka 1928, mdororo wa uchumi ukaja, naye akarudi kulima kijijini Avalon kwa miaka 35. Kilichomfichua ni ubeti uliokitaja kijiji chake: mwaka 1963 kijana mmoja mpenzi wa santuri alisikiliza wimbo ule, akatafuta ramani, akaenda akamkuta. Mwaka uleule Hurt alipiga kwenye tamasha la muziki la Newport, Marekani. Kidole gumba chake hutembea juu ya nyuzi nene kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka, vidole vingine vikisuka wimbo juu yake. Hupati besi wala ridhimu nyuma yake. Vyote viko mkono mmoja.

Anayeijua "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco, Mwana-Katanga aliyeimba Kiswahili na kurekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, atashtuka kidogo hapa. Bosco naye aliusuka wimbo kwa gumba na kidole cha shahada. Simaanishi kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Kila mmoja alikuwa mtu pekee na gitaa pekee, akitaka kusikika kama bendi. Bosco alipiga Newport mwaka 1969, miaka mitatu baada ya kifo cha Hurt.

Turudi kwa King. Mwaka 1949, katika ukumbi mmoja mahali paitwapo Twist, jimbo la Arkansas, wanaume wawili walipigana wakaangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa kuleta joto. Moto ukashika. King alitoka mbio, kisha akarudi ndani ya moto kuchukua gitaa lake. Kesho yake akaambiwa mwanamke aliyegombaniwa anaitwa Lucille. Akalipa gitaa jina hilo lipate kumkumbusha asirudie ujinga ule. Mwaka 1956 pekee alitumbuiza mara 342. Wimbo uliomvusha kwa mashabiki wa kila rangi, "The Thrill Is Gone", alikuja kuurekodi mwaka 1969. Tafuta rekodi ndefu ya studio, ile ya dakika zaidi ya tano, usiizime akimaliza kuimba. Maneno yanaisha kama katikati ya safari. Kuanzia hapo mpaka mwisho, anayezungumza ni Lucille.