Shakwe mgongo-mweusi wa Ziwa Victoria: tunayomsingizia na ukweli wake

Ukifika Mwaloni Kirumba, Mwanza, alfajiri ya Desemba, mitumbwi ya dagaa inaporudi, mtafute ndege yule aliyejitenga kidogo na wenzake. Ni mkubwa kuliko shakwe kichwa-kijivu wanaomzunguka. Mgongo na mabawa ni meusi tii, kichwa na tumbo ni vyeupe, miguu ya njano. Akikunjua mabawa yanafika karibu mita moja na nusu kutoka ncha hadi ncha. Huyo ndiye shakwe mgongo-mweusi, ambaye wataalamu humwita Larus fuscus. Nampenda sana ndege huyu, na kila nikimtaja nasikia maneno yale yale. Mengi si kweli, na mengine yanamponza.

Wengi huamini kwamba shakwe ni wa baharini, hivyo akionekana ziwani ama upepo umempoteza, ama ameleta mvua. Hajapotea. Yuko pale pale alipokusudia kuwa. Huyu wa kwetu huzaliwa Finland, Sweden au kaskazini mwa Norway, kwenye visiwa vidogo vya mawe kando ya bahari na katika maziwa ya huko. Jike hutaga mayai matatu hivi chini, kwenye tago la majani makavu. Makinda yakishaweza kuruka, kuanzia Agosti safari ya kusini inaanza: Ulaya Mashariki, Mediterania, Misri, kisha kufuata upande wa Nile. Watafiti wa Finland waliwafunga baadhi yao vifaa vya setilaiti mgongoni, wakaona wengi wakishuka hadi Ziwa Victoria. Kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 7,000. Hufika kwetu wakati wa vuli, na nadhani ndiyo sababu watu wakamhusisha na mvua. Lakini mvua ikikatika yeye bado yupo, hadi Machi au Aprili anapogeuza kurudi.

Anajuaje njia? Hapa pana dhana nyingine iliyoenea, hata kwa watu waliosoma: kwamba ndege hanusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulihusu shakwe hawa hawa. Baadhi walichukuliwa Finland wakapelekwa kisiwa cha Helgoland, Ujerumani. Wengine walitolewa Bahari Nyeupe, Urusi, wakaachiliwa mji wa Kazan, nchini humo humo. Yaani waliondolewa kwenye njia yao, wakaachwa mahali pa ugeni. Waliokuwa wazima walirekebisha mwelekeo na kuitafuta njia ya kwao. Waliokatwa mshipa wa fahamu wa kunusa walishindwa kurekebisha. Kuna kundi la tatu lililokatwa mshipa mwingine, unaohisi mdomoni, nalo likaweza. Kwa hiyo pua ina kazi kubwa katika safari hiyo, na mimi tangu nilipojua hilo simwangalii tena kama ndege anayepeperushwa tu.

"Wale wa kahawia ni aina nyingine." Hapana, ni vijana wake. Shakwe huyu huchukua takriban miaka minne kufikia rangi za utu uzima. Mwaka wa kwanza ana madoa ya kahawia mwili mzima na mdomo mweusi. Kila anapobadili manyoya, mgongo unazidi kukolea na mdomo unageuka njano. Wengine hudhani wa kahawia ni majike. Jike na dume wana rangi moja, ila dume ni mkubwa kidogo.

Ukimkaribia mtu mzima utaona doa jekundu karibu na ncha ya mdomo wa chini. Mchuuzi mmoja wa dagaa aliniambia kwa uhakika kwamba ni damu ya samaki isiyofutika. Doa hilo ni rangi ya mdomo wenyewe, na lina kazi. Kinda akiwa na njaa huligongagonga, na mzazi hutapika chakula alichobeba kooni. Niko Tinbergen, Mholanzi, alilichunguza jambo hili kwa shakwe wa jamii ya karibu na huyu: aliyaonyesha makinda vichwa vya bandia vyenye madoa ya rangi mbalimbali, akahesabu mara walizogonga. Mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi za kuchunguza tabia za wanyama.

Wapo pia wasemao kwamba anaweza kunywa maji ya chumvi, na hilo ni kweli. Ana tezi juu ya macho zinazochuja chumvi, na maji hayo makali hutoka puani kwa matone.

"Huyo ni mwizi, na wako tele, hata wakifa hawaishi." Anaokota dagaa aliyemwagika, ndiyo, na hunyang'anya ndege wenzake. Lakini huvua mwenyewe pia, na hula wadudu na minyoo. Na hawako tele. Wanaozaliwa Finland wamepungua sana. Katika miaka ya 1990 makinda mengi kwenye Ghuba ya Finland yalikufa kabla ya kuruka, na ndani ya maini yao yalikutwa mabaki ya sumu ya jamii ya DDT, dawa ya kuua wadudu. Watafiti walishuku kwamba sehemu ya sumu hiyo wazazi huipata huku kusini wanakokuja kuikimbia baridi. Linaniuma, kwa sababu maji ya Ziwa Victoria ndiyo tunayokunywa na sisi.

Limebaki la pete ambazo watafiti huwavisha ndege mguuni, na hili ndilo linaloua. Shakwe akinaswa kwenye nyavu akiwa na chuma chenye maandishi mguuni, au kidude mgongoni, wapo wanaosema katumwa: ni uchawi, au ni ujasusi. Sudan mwaka 2012 walimkamata tai mla mizoga mwenye kifaa cha namna hiyo wakidai anaipelelezea Israel. Pete ya shakwe ni nyepesi, na haimwambii mtu yeyote ulipo. Ina namba, na zile za Finland zina jina la Helsinki, mahali pa kupeleka taarifa. Mshike kwa kitambaa, ukikunja mabawa yake taratibu maana mdomo unauma. Piga picha ya namba kutoka pande zote mbili za mguu, kata uzi wa wavu na si manyoya, kisha mwachie akiangalia ziwani. Ndege wa aina hii wamewahi kufikisha zaidi ya miaka 30, kwa hiyo huyo uliyemshika huenda ameshavuka jangwa la Sahara mara nyingi kuliko miaka uliyokaa shuleni.