Kuhubiri sio kusimama ukisubiri Roho akupe maneno

Nafundisha wahubiri, wengi ni wazee wa kanisa na vijana wa uinjilisti, na kila nikigusa suala la maandalizi lazima mmoja aseme "mwalimu, Roho atanipa cha kusema palepale", halafu anataja Mathayo 10:19. Jamani, someni mstari wa 18 kwanza! Pale Yesu anaongea na wanafunzi watakaokamatwa na kupelekwa mbele ya maliwali na wafalme, ndio anawaambia wasihangaike watajitetea vipi. Wewe Jumapili hujakamatwa na mtu, ratiba umepewa mapema, na siku zote hizo Roho ni yuleyule, angekusaidia ukiwa mezani na Biblia yako.

Paulo yuko kifungoni anasubiri kufa, bado anamwandikia Timotheo amletee vitabu, hasa vile vya ngozi (2 Tim 4:13). Nehemia 8:8 nayo, walisoma torati, wakaeleza maana, watu wakaelewa, na kuhubiri ndio huko. Asiyejiandaa anajulikana mapema tu, ameshasoma andiko na hajui aelekee wapi, basi "mwambie jirani yako" zinaanza, sauti inapanda, mpiga kinanda anapewa ishara, na lile andiko halitajwi tena mpaka watu wanatoka. Inaniuma kwa sababu kuna mtu alikuja na shida yake anataka kusikia Neno. Soma andiko kwa sauti nyumbani mpaka uweze kuandika ujumbe wake kwa sentensi moja, ikikushinda hiyo sentensi usipande madhabahuni.

Eti kuhubiri ni kazi ya mchungaji peke yake? Matendo 8, mateso yalipoanza mitume walibaki Yerusalemu, waliotawanyika wakilihubiri neno ni waumini wa kawaida.

Na ule msemo wa "hubiri Injili, ikibidi tumia maneno" wanaombandika Fransisko wa Asizi, yule mtakatifu wa Kikatoliki wa Italia, kwenye maandishi yake haupo. Yeye mwenyewe (alifariki 1226) alihubiri kwa mdomo, Tomaso wa Celano aliyeandika maisha yake anasema siku nyingine alipita vijiji vinne mpaka vitano. Matendo mema lazima yawepo, lakini Warumi 10:14 inauliza wamsikieje pasipo mhubiri?

Wale wa "mahubiri marefu ndio yana upako", chukueni Mathayo 5 hadi 7, hotuba nzima ya mlimani, muisome kwa sauti huku mnaangalia saa. Dakika 20 hazifiki.