Je, wajua kwa nini muvi za mapigano huzidi chumvi kila mwendelezo unapotoka?

Mwaka 2001, The Fast and the Furious ilikuwa hadithi ya vijana wa mbio za magari pale Los Angeles waliokuwa wanapora malori yaliyobeba deki za DVD. Deki tu. Miaka 20 baadaye, kwenye sehemu ya 9 ya mfululizo huohuo, watu wawili wanatoka nje ya anga ya dunia wakiwa ndani ya Pontiac Fiero lililofungwa roketi. Katikati ya hapo kuna nyambizi inayofukuza magari juu ya barafu na gari linaloruka kutoka ghorofa hadi ghorofa Abu Dhabi.

Ukitoka ukumbini utasikia watu wakisema waandishi wameishiwa. Mawazo wanayo tele. Shida ni kwamba mwendelezo huuzwa kabla haujaandikwa, na hilo hubadilisha karibu kila kitu kinachofuata.

Muvi ya kwanza huuzwa kwa ugeni wake: sura mpya, mtaa mpya, jambo ambalo hujaliona. Ya pili haina hiyo bahati. Steringi unamjua, genge lake unalijua, hata utani wao unaujua. Studio inatangaza tarehe ya kutoka mwaka mmoja au miwili kabla, na inahitaji picha moja ya kuweka kwenye bango na kwenye trela ya dakika mbili na nusu, picha itakayomfanya mtu aseme, "Hee, hii sijaiona." Kwa kuwa watu ni walewale na hadithi ni ileile, kinachobaki cha kuongezwa ni ukubwa. Basi kikao cha kwanza huanza na swali la safari hii tunarusha nini, tunalipua nini, na juu ya nini. Hadithi hushonwa baadaye kuzunguka jibu.

Kuna sababu ya kiufundi pia. Kituko kikubwa hudai maandalizi ya miezi: vibali vya kufunga barabara, magari ya kuunda upya, mazoezi, bima. Mazungumzo ya mashujaa yanaweza kuandikwa usiku wa kuamkia siku ya kupiga picha, lakini daraja huwezi kuliomba usiku. Ndiyo maana Mission: Impossible – Fallout ya 2018 ilianza kupigwa skripti ikiwa haijakamilika. Iliyofuata, ya 2023, ina tukio la Tom Cruise kuruka na pikipiki kutoka juu ya mlima nchini Norway kisha kufungua mwavuli. Kabla ya hapo alikuwa amefanya mazoezi ya kuruka na mwavuli zaidi ya mara 500 na kurusha pikipiki mara 13,000. Walilipiga tukio hilo siku ya kwanza kabisa ya upigaji picha, akaruka mara 6 siku hiyohiyo. Kwa nini siku ya kwanza? Kama staa angeumia au kufa, afadhali ijulikane kabla hela nyingine haijatumika. Ni hesabu baridi, lakini ndiyo hesabu yenyewe.

Hela za nani?

Hapa ndipo wengi hawatazami. Sehemu ya kwanza ya Fast iligharimu dola milioni 38 hivi na kuingiza kama milioni 207 duniani, ambapo milioni 144 zilitoka Marekani na Kanada, yaani dola 7 kati ya kila 10. Sehemu ya 8, ya mwaka 2017, iligharimu karibu milioni 250 na kuingiza zaidi ya bilioni 1.2. Safari hii Marekani na Kanada zilitoa milioni 226 tu. China peke yake ilitoa zaidi ya milioni 390. Mtazamaji ambaye muvi inatengenezwa kwa ajili yake alikuwa amehama.

Na mtazamaji aliyehama hubadilisha kinachotengenezwa. Utani wa mtaani Los Angeles haufiki Chongqing wala Kampala bila kupoteza nusu ya utamu wake. Gari linaloanguka kutoka kwenye ndege halihitaji mkalimani. Sisi wa huku tunalijua hilo kuliko wengi: vibanda umiza vya Tanzania viliishi kwa muvi ambazo maneno yake hayakueleweka, na watafsiri kama marehemu Lufufu, au DJ Afro kwa upande wa Kenya, au ma-VJ wa Uganda, walijaza sauti juu ya mateke na milipuko iliyokuwa inajieleza yenyewe. Jaribu kutafsiri hivyo muvi ya watu wawili wanaobishana jikoni kuhusu talaka, kibanda kitabaki na benchi.

Chumvi hiyo pia huongezwa upande mmoja zaidi ya mwingine, na sababu ni daraja la umri. Tangu 1984 Marekani ina daraja la PG-13, linaloruhusu vijana wadogo kuingia bila mzazi ilimradi damu na matusi viwe vichache. Die Hard tatu za kwanza zilikuwa za watu wazima, ya nne, mwaka 2007, ikatolewa kwa PG-13. Humo steringi hapigwi na kuchuruzika damu kama mwaka 1988, bali anapambana na ndege ya kivita akiwa ndani ya lori. Vyuma vinaweza kuvunjwa bila kikomo, ngozi ya binadamu haiwezi.

Sefu la Rio

Kwa maoni yetu, kilele cha mfululizo wa Fast ni sehemu ya 5, ya mwaka 2011, pale Dodge Charger mbili zinapong'oa sefu la polisi na kuliburuta katika mitaa ya Rio de Janeiro. Haiwezekani, na ni rahisi kukokotoa kwa nini. Chukua sefu la chuma la tani 10. Kulisugua juu ya lami kunahitaji mvuto wa kama tani 4. Charger ina uzito wa karibu tani 2 na husukumwa na matairi ya nyuma, ambayo hubeba nusu tu ya uzito huo. Kwa hiyo hata injini iwe na nguvu za farasi elfu, matairi hayawezi kuvuta zaidi ya tani 1 hivi kabla hayajaanza kuzunguka bure na kutoa moshi. Gari mbili, tani 2. Sefu halijasogea hata hatua moja.

Ila ukiitazama, mwili wako unaamini, kwa sababu kitu kizito kweli kilikuwa kinaburutwa. Mitaa iliyopigwa picha ni ya San Juan, Puerto Rico, na watengenezaji waliunda masefu 6 yenye kazi tofauti. Moja lilikuwa uso tu wa mbele uliofungwa kwenye lori kubwa. Jingine, lenye tani 4 hivi, lilikuwa gari kamili lililofunikwa bodi ya sefu, lina magurudumu na dereva wake ndani, limefungwa kwa kebo za mita 9 nyuma ya zile Charger. Dereva aliendesha akiwa ndani ya boksi la chuma chini ya jua la Karibi, joto likipita nyuzi 38, akiwa amevaa suti ya kupozea mwili. Linapopinda kona na kukumba magari yaliyoegeshwa, magari hayo yanakunjika kweli. Vumbi ni vumbi, kioo ni kioo.

Linganisha na sehemu ya 6, iliyotoka 2013, ile ya ndege kubwa ya mizigo inayokimbia barabara ya kurukia bila kuisha. Tukio lina dakika kama 13. Tuseme ndege inakwenda kilomita 160 tu kwa saa, mwendo ambao hata hautoshi kuinua ndege ya ukubwa huo. Kwa dakika 13 itakuwa imekimbia karibu kilomita 35, wakati barabara ya kurukia ya uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, ina kilomita 4 na kidogo. Ni kama kuanzia Posta, Dar es Salaam, mpaka ukaribie Kibaha. Mhariri atajitetea kwamba sekunde zilezile zinaonyeshwa mara kadhaa, kwa kila mpiganaji pembe yake, na ana haki kidogo. Lakini tatizo la tukio hilo si urefu. Ni kwamba hujui barabara inaisha wapi, kwa hiyo huna cha kuogopa. Lile sefu lilikuwa na daraja mbele yake.

Katika muvi hiyohiyo steringi anaruka kutoka kwenye gari, anamdaka mpenzi wake hewani juu ya pengo la madaraja mawili, na wote wanatua juu ya kioo cha gari lingine. Kinachoua mtu anapoanguka ni kusimama ghafla kuliko ule mwendo wenyewe. Mwili unaokwenda kilomita 60 kwa saa, ukisimamishwa na bonde la sentimita 10 kwenye bati, hupata mshtuko wa zaidi ya mara 140 ya uzito wake. Ukisimamishwa na mfuko wa hewa wenye kina cha mita 2, mshtuko unashuka hadi kama mara 7, na unainuka ukitikisa vumbi. Ndiyo sababu watu wanaoruka badala ya mastaa hutandikiwa mifuko ya hewa au maboksi matupu ya karatasi ngumu yaliyopangwa tabaka kwa tabaka. Boksi likibonyea pole pole, mfupa haubonyei. Kamera haionyeshi maboksi, inakata sekunde kabla.

Hata gari kupinduka huwa na siri. Gari la kisasa la michezo liko chini sana na halipinduki kirahisi. Mwaka 2006, kwenye Casino Royale, Aston Martin ya James Bond ilipandishwa kwenye kipandio cha mbao ikakataa kubiringika kama ilivyotakiwa. Wakafunga mzinga wa hewa iliyobanwa nyuma ya kiti cha dereva, mdomo ukielekea chini. Dereva akibonyeza kitufe gari likiwa kasi, bomba la chuma linafyatuka na kupiga lami, gari linarushwa ubavu. Liliviringika mara 7, ikawa rekodi ya dunia wakati huo. Mbinu yenyewe ni ya mwaka 1974, walipotumia baruti na kipande cha nguzo ya simu.

Chumvi inapozidi mboga

Watazamaji wa huku wana kanuni yao, steringi hafi. Kila mtu anaijua anapokaa kwenye kiti. Kwa hiyo ukubwa wa hatari hauongezi hofu, kwa sababu matokeo yanajulikana. Kinacholeta hofu ni kipimo: ana risasi ngapi, mguu umevunjika au la, saa ngapi imebaki. Kila mwendelezo unapopandisha ukubwa huondoa kipimo kimoja, na ukishaondoa huwezi kukirudisha. Ukishaona mtu ametua salama juu ya kioo cha gari, ngazi za nyumba hazitakutisha tena.

Rambo ni mfano wa mapema. Katika ile ya kwanza, ya 1982, anakufa mtu mmoja tu. Ya tatu, mwaka 1988, maiti zinapita 100, na ilikuwa moja ya muvi ghali zaidi za wakati wake. Iliingiza dola milioni 189, wakati ya pili ilikuwa imefika milioni 300.

John Wick ilikwepa mtego huo kwa muda mrefu zaidi. Iliongeza kila kitu: dakika 101, kisha 122, kisha 131, hadi 169 kwenye ya nne, na bajeti kutoka kama milioni 20 na ushei hadi milioni 100. Mwongozaji wake, Chad Stahelski, alikuwa mtu wa vituko kabla ya kuongoza, na inaonekana. Kamera inakaa mbali, haikatikati ovyo, na risasi huisha: unamwona akibadilisha magazini katikati ya purukushani. Kwenye ya nne, ya 2023, anapigana akipanda ngazi 222 za Montmartre, Paris, anakaribia juu kabisa, anaangushwa mpaka chini, na jua linakaribia kuchomoza. Ukumbi huguna. Ni ngazi tu, hakuna roketi. (Walipokosea ni ile suti ya kuzuia risasi. Tangu alipoanza kujikinga kwa kuinua kola ya koti, bunduki zilipoteza nusu ya makali yake.)

Upande wa Fast, sehemu ya 10 ya mwaka 2023 iligharimu karibu dola milioni 340 na kuingiza kama milioni 704. Inasikika kama faida kubwa. Lakini majumba ya sinema hubaki na takriban nusu ya tiketi, na kwa China studio ya nje hupata asilimia 25 tu. Toa hapo, kisha toa matangazo, ambayo kwa muvi ya saizi hiyo hupita milioni 100 kirahisi, na kilichobaki hakilipi gharama ya kuitengeneza. Zile milioni 390 za China za mwaka 2017 zilikuwa na thamani ndogo mkononi mwa studio kuliko milioni 226 za nyumbani.

Ukirudia ile ya 5 nyumbani, usiangalie Charger. Angalia chini ya sefu linapopinda kona: linapinda vizuri mno kwa kitu kinachoburutwa. Huyo ni jamaa aliye ndani, anakata usukani.