Mada irudi, kazi ibadilike: kusoma na Historia darasani

Fungua daftari la Historia la mwanafunzi yeyote. Aghalabu utakuta mada inabadilika kila wiki, ilhali kazi ni ile ile: kunakili maelezo ya ubaoni na kujibu maswali matano. Mada ikishafungwa hairudi tena mpaka siku ya mtihani. Hapo mambo yamewekwa miguu juu, kichwa chini. Kinachotakiwa kurudi ni mada, na kinachotakiwa kubadilika ni kazi anayopewa mwanafunzi.

Chukua Vita vya Maji Maji, ambavyo watu wa kusini mwa Tanganyika walipigana na Wajerumani. Kipindi cha kwanza kiwe cha masimulizi na ramani: wanafunzi waonyeshe Umatumbi, ambako watu waling'oa pamba mwishoni mwa Julai 1905, kisha wafuate njia ya vita hadi Liwale, Mahenge na Songea. Juma linalofuata irudi mada hiyo hiyo, lakini sasa kazi ni tarehe. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikaendelea hadi 1907. Waulize: kama mganga alikufa siku chache tu baada ya vita kuanza, nani waliviendesha? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kukariri, na linaondoa kosa linalojirudia sana kwenye insha, la kumfanya Kinjikitile amiri jeshi wa vita vyote.

Mara ya tatu, leta hesabu ya waliokufa. Makadirio ya Wajerumani yalikuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja 250,000 hadi 300,000. Wanafunzi watafute sababu ya tofauti hiyo. Wengi waliuawa na njaa baada ya jeshi kuchoma mashamba na maghala, na anayehesabu maiti za vitani tu hawaoni hao. Mwanafunzi aliyefika hapa amepitia mada moja mara tatu, na kila mara amefanya jambo jipya.

Kosa jingine hutokana na kufundisha mapambano yote dhidi ya Wajerumani mfululizo, moja likiisha lingine linaanza. Yanachanganyika. Utasoma kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipigana Maji Maji, wakati alikufa 1898. Dawa yake ni kadi za manila: tatu za mahali (Pangani, Lugalo na Mohoro), tatu za miaka (1888, 1891 na 1905), tatu za viongozi (Abushiri, Mkwawa na Kinjikitile). Zichanganywe, kila kikundi kizipange na kueleza kwa nini. Dakika kumi zinatosha.

Muda wa kurudia nao una hesabu yake. Kurudia mara nne siku moja huleta faraja ya uongo: mtoto anaona anajua kwa sababu amesikia sasa hivi. Anza kila kipindi kwa maswali matano, madaftari yakiwa yamefungwa: mawili ya kipindi kilichopita, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Yasizidi dakika saba, na yasiwe na alama. Ukiweka alama, watoto wataibia, nawe hutajua nani amesahau nini. Yaandike kwenye andalio la somo mapema, kwani ukiyatunga papo hapo utajikuta unauliza ya jana tu.

Katika kusoma, kurudia kunahitajika zaidi, na ndiko kunakoharibika upesi. Kwa darasa la tatu, kifungu cha maneno 60 hadi 80 kinatosha kwa siku tatu. Siku ya kwanza mwalimu asome, watoto wafuatishe kwa kidole, kisha waseme nani yumo na nini kimetokea. Siku ya pili wasome wawili wawili, wakivuta pumzi kwenye mkato na nukta. Siku ya tatu kila mmoja asome peke yake, kisha asimulie kitabu kikiwa kimefungwa. Vitabu vikiwa haba, andika kifungu kwenye manila kwa herufi zinazosomeka kutoka nyuma ya darasa.

Hatari kubwa ni kiitikio. Darasa zima likisoma kwa sauti moja, watoto wanne hodari huwabeba wengine, na mtoto asiyejua herufi anaweza kutamka kifungu chote huku akitazama dirishani. Mpime kwa kumwanzisha sentensi ya mwisho, au kwa kuandika ubaoni maneno ya kifungu bila mpangilio. Kiswahili kina mtego wake pia: maandishi yanafuata matamshi, hivyo mtoto husoma vizuri kwa sauti neno asilolielewa. Ndiyo maana usimulizi usirukwe.

Maneno marefu yapewe mazoezi yake: watakaporudi, watakapofika, watakapolima. Sehemu ya mbele imerudi, mzizi umebadilika, na jicho huanza kuitambua *wa-taka-po* bila kuigawa silabi kwa silabi. Fanya hivyo hivyo kwa ng' na ng, kama ng'oa na ngoa, na kwa dh na th. Maneno sita kwa siku yatosha, matatu kati yake yakiwa ya jana.