Taharuki ya kisaikolojia ni nini?

Aliyesoma fasihi sekondari analikumbuka neno taharuki: ile hali ya kukaa roho juu ukitaka kujua kitakachofuata. Taharuki ya kisaikolojia ni tawi lake moja, na kwenye filamu ndilo ninalolipenda kuliko yote. Humu si lazima awepo jini wala mtu mwenye panga. Hofu inaanzia kichwani mwa mhusika. Anahisi jambo haliko sawa, kisha anajiuliza: macho yangu yananidanganya, au ni hawa wenzangu? Na wewe mtazamaji hujui umwamini nani.

Chukua Old, filamu ya M. Night Shyamalan ya mwaka 2021, iliyopigwa Jamhuri ya Dominika. Mume na mke walio mbioni kuachana wanawapeleka watoto wao wawili likizo kwenye hoteli ya kifahari. Wanapokelewa kwa vinywaji vilivyochanganywa maalumu kwa ajili yao. Meneja anawadokezea kuwa kuna ufukwe wa faragha, si kila mgeni anaambiwa. Dereva anawashusha na chakula kingi mno kwa matembezi ya siku moja. Hadi hapo hakuna baya lililotokea, lakini tumbo limeshaanza kukucheza.

Halafu mtoto analalamika nguo ya kuogelea inambana.

Pale ufukweni nusu saa ni kama mwaka mzima wa umri, na anayejaribu kutoka anazimia, anazinduka palepale. Mama ana uvimbe tumboni, nao unakua wanauona. Daktari mmoja kati ya wageni wengine walioletwa ufukweni anampasua, ila jeraha linajifunga kabla hajafanya lolote, hadi wenzake walishike kwa mikono libaki wazi. Sijui tukio la damu nyingi linaloweza kunikosesha raha kama lile.

Kwa nini hoteli, tena familia? Hotelini mtu amelipa ili wasiwasi auache getini, kwa hiyo dalili anaziona na kuzipuuza. Mzazi naye ana mzigo wa ziada: anaogopa huku akijifanya haogopi, maana watoto wanamtazama usoni.

Kama hujaitazama, ishia hapa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenye hoteli hii wamelitenda neno kwa neno: ni watafiti wa kampuni ya dawa. Katika kila familia kuna mgonjwa, dawa imo kwenye kile kinywaji cha makaribisho, na ufukwe unawapa kwa siku moja majibu ambayo wangeyasubiri maisha mazima. Mgeni anazeeka na kufa ili wengine wapone.

Kwangu, maelezo hayo ndiyo yanayoipunguzia filamu nguvu. Nikishajua nani kafanya na kwa nini, naanza kubishana na hesabu zake. Nilipokuwa sijui kitu, ile nguo inayobana ilinitosha.