Je, wajua kwa nini diski ya terabaiti 1 hupigwa snapshoti kwa sekunde moja?

Kuhamisha terabaiti 1 kutoka diski moja ya kawaida kwenda nyingine ni kazi ya saa kadhaa. Lakini iambie seva yenye ZFS, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, iipige snapshoti diski hiyohiyo, yaani ihifadhi data ilivyo dakika hiyo, na amri inarudi hata hujaondoa kidole kwenye kitufe. Nafasi iliyoliwa ni kama hakuna. Data imekwenda wapi?

Haijaenda popote, na hapo ndipo nilipopotea kwa muda mrefu. Nilikuwa natunza seva ya ofisi ndogo, nimeipanga ipige snapshoti kila usiku na kuweka 30. Kichwani nilikuwa na bakapu 30. Siku moja diski ikakaribia kujaa, nikafuta folda ya video za zamani, gigabaiti 200. Nafasi haikurudi. Nikafuta nyingine. Wapi! Nikaamini kipimo cha nafasi kimeharibika, hadi mwenzangu aliponiambia, "Umefuta majina tu, bwana. Vitu bado vipo."

Wazo la snapshoti lina umri: NetApp, kampuni ya vifaa vya kuhifadhi data, walilieleza hadharani mwaka 1994 kupitia mfumo wao wa faili wa WAFL, na kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems wakaitoa ZFS mwaka 2005.

ZFS hufanya kazi kama daftari la madeni la duka la mtaani. Mwenye duka ana sharti moja: hafuti wala hakati mstari. Deni la Mama Asha likishuka kutoka 12,000 hadi 7,000, anafungua ukurasa mtupu, anaandika 7,000, kisha anarekebisha karatasi ya yaliyomo: Mama Asha yuko ukurasa wa 41, si wa 9 tena. Ule wa 9 haukuguswa. Ila kwa kuwa hakuna karatasi inayoutaja, kesho unaweza kuandikwa upya.

Kupiga snapshoti ni kuibandika ukutani karatasi ya yaliyomo ya leo na kuendelea na nyingine. Hakuna deni lililonakiliwa. Lakini kuanzia hapo, ukurasa wowote unaotajwa na karatasi ya ukutani hauguswi, hata Mama Asha akimaliza deni na kuhama mtaa. Snapshoti kwa hiyo ni katazo zaidi kuliko nakala, na katazo halina uzito: diski ya terabaiti 50 haichukui muda zaidi ya ile ya terabaiti 1.

Si mifumo yote yenye sharti hilo. Snapshoti za kizamani za LVM, zana ya kugawa diski kwenye Linux, huruhusu kufuta, ila kwanza mstari wa zamani unanakiliwa kwenye kijitabu cha pembeni. Kila badiliko la kwanza linakuwa kazi mara mbili, na kijitabu kikijaa, snapshoti inakufa huku diski yenyewe ikiendelea kana kwamba hakuna msiba.

Na bakapu zangu 30? Duka likiungua, karatasi za ukutani zinaungua pamoja na daftari. Hapa neno lenyewe linachanganya watu, kwa sababu kwenye wingu mambo ni tofauti: snapshoti ya Amazon EBS, huduma ya diski za kukodi, husafirishwa kwenda hifadhi nyingine, ya kwanza ikiwa na kila kitu na zinazofuata zikibeba mabadiliko tu. Hiyo inastahili kuitwa bakapu, ingawa ikiwa kwenye akaunti ileile, anayeiba nywila anaweza kuzifuta zote.

Kwenye kupanga ratiba, wengi tunaogopa kupiga mara nyingi. Kinachokula nafasi hasa ni umri: snapshoti moja ya miezi 6 inashikilia kila kilichokuwepo siku ile na kufutwa baadaye. Za kila saa zinazodumu siku moja ni nyepesi, isipokuwa pale hifadhidata inapoandika usiku kucha, maana hapo kila saa ina kurasa zake za kushikilia. Tena hifadhidata ikipigwa snapshoti bila kutulizwa kwanza, ukiirejesha itaamka kama iliyokatikiwa umeme. Nyingi huamka salama. Jaribu kuirejesha kabla hujaiamini.

Halafu kuna saa. Seva nyingi hufuata UTC, saa ya kimataifa, iliyo saa tatu nyuma yetu. Kwenye ratiba ya seva, saa nane usiku ya Dar es Salaam au Nairobi huandikwa 23, tena ya siku iliyotangulia. Ukiandika 8 kwa sababu umesema "nane", kazi itaanza saa tano asubuhi, wateja wakiwa wamejaa kaunta.

Ile folda niliishughulikia hatimaye. ZFS iliniorodheshea snapshoti 30, kila moja ikidai megabaiti chache tu. Nilifuta ya kwanza, ya pili, ya kumi, nafasi ikabaki vilevile. Kumbe ukurasa ulioshikwa na snapshoti mbili au zaidi hauandikwi kwenye hesabu ya yeyote kati yao. Nikawa nafuta tu, hadi ikabaki moja iliyokuwa na zile video, na papo hapo ikavimba: kutoka megabaiti 4 hadi gigabaiti 200, bila kuongezewa hata herufi.